Uwanja wa Gofu wa Mashindano Makuu: Jibu kwa Mwalimu wa Malindi

Mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi ameniandikia kuhusu ubishi uliozuka barazani kwao mwezi wa Julai, walipokuwa wakitazama Open ya Uingereza kwenye televisheni. Anasema: "Tuliona mchanga, bahari, upepo na nyasi zilizokauka, tukaulizana kama hayo yote hatunayo hapa kwetu, kati ya mdomo wa Sabaki na Mambrui. Shemeji yangu wa Lamu akadai kwamba vilima vya mchanga vya Shela ni bora kuliko vyetu. Tuambie, wataalamu hutazama nini wanaposema uwanja huu unafaa kuandaa mashindano makuu na ule haufai? Na je, pwani yetu ingeweza?"

Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo lenye jibu fupi, kwa hiyo nitalitanguliza. Mashindano makuu ya gofu kwa wanaume ni manne, na yote yana wenyewe na nchi zao. Masters huchezwa Augusta National, katika jimbo la Georgia, tangu 1934, na hayajawahi kuhama. Open ya Marekani na PGA Championship huzungushwa ndani ya Marekani, na Open ya Uingereza huzungushwa katika viwanja vichache vya pwani za Uskoti, Uingereza na Ireland ya Kaskazini. Kwa wanawake mashindano makuu ni matano, na ni yale ya Evian tu, nchini Ufaransa, yanayochezwa nje ya Marekani na Uingereza. Hata Afrika Kusini, iliyowatoa mabingwa kama Gary Player, Ernie Els na Retief Goosen, haijawahi kuyaandaa. Kwa utaratibu uliopo leo, basi, Mambrui isingeyapata hata kama ingekuwa na uwanja bora kuliko vyote duniani. Lakini vipimo vinavyotumika huko ndivyo vinavyotumika, kwa ukali uliopunguzwa, kuchagua uwanja wa Kenya Open, au ule wa mashindano ya wanawake wa Ulaya yaliyofika Vipingo kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Kwa hiyo ubishi wenu haukuwa wa bure.

Watu wengi hudhani kwamba kinachotazamwa kwanza ni mandhari au urefu wa uwanja. Mandhari huipa televisheni picha nzuri, sikatai, ila uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuhusu urefu, linganisha viwanja viwili vilivyoandaa Open ya Marekani. Mwaka 2013 mashindano yalichezwa Merion, karibu na Philadelphia, uwanja uliopimwa yadi 6,996, ambao kwa wachezaji wa siku hizi ni mfupi. Justin Rose alishinda akiwa amezidisha mkwaju mmoja juu ya pa, yaani juu ya idadi ya mikwaju inayotarajiwa, na hakuna hata mmoja aliyemaliza chini yake. Mwaka 2017 yakachezwa Erin Hills, jimboni Wisconsin, uwanja wa yadi 7,741, na Brooks Koepka akashinda kwa mikwaju 16 chini ya pa. Erin Hills ulikuwa na njia pana za nyasi fupi za kuchezea na ardhi iliyolainishwa na mvua, ilhali Merion ulikuwa na njia nyembamba, nyasi nene za pembeni na miteremko inayohadaa. Tena yadi zenyewe hazina thamani moja kila mahali: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi, kwa hiyo yadi 7,000 za Muthaiga, uwanja wa Nairobi, si sawa na yadi 7,000 za Vipingo. Ukimsikia mwekezaji anajisifu kwa urefu wa uwanja wake kabla hajasema neno juu ya udongo, jua kwamba bado hajaanza kazi.

Kitu ambacho mimi hukitafuta kabla ya vyote ni ugumu wa ardhi. Kwenye ardhi laini mpira hurushwa juu, huanguka na kutulia palepale ulipoangukia, na kwa hiyo kila mwenye nguvu za kuufikisha umbali fulani huwa sawa na mwenzake. Kwenye ardhi ngumu mpira ukishaanguka huwa ndiyo kwanza umeanza safari: hudunda, huteleza, hufuata mteremko, na mchezaji hana budi kukisia utakapotulia, wala si utakapoangukia tu. Mkwaju mzuri sana na mkwaju uliokaribia kuwa mzuri, ambao kwenye ardhi laini ungeishia hatua mbili tatu kutoka kwa mwenzake, hapo hutengana kwa hatua ishirini, na mmoja huishia kwenye bunka, yaani shimo la mchanga. Ndivyo ilivyokuwa Hoylake, karibu na Liverpool, kwenye Open ya mwaka 2006. Kiangazi kilikuwa kikali, nyasi zikageuka rangi ya kahawia kama mlivyoziona nyinyi kwenye televisheni, na Tiger Woods akatumia fimbo yake ndefu kuliko zote mara moja tu kwa siku zote nne. Alichagua fimbo fupi, akaukimbiza mpira ardhini na kuusimamisha kabla haujafika kwenye mabunka, akashinda kwa mikwaju 18 chini ya pa. Wapo waliosema kwamba uwanja uliotoa alama hiyo ulikuwa mwepesi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu uwanja ulimlazimisha mchezaji bora wa zama zake kubadili mchezo wake wote, na waliokataa kubadili wao waliadhibiwa.

Ugumu huo hauji kwa jua peke yake. Kila alfajiri ya siku ya mashindano, mtunza uwanja hukata shimo jipya kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi kabisa lenye bendera, kwa chombo cha chuma chenye mdomo wa mviringo, na shimo hilo huwa na upana wa milimita 108. Donge la udongo linalotoka ndani ya chombo lina habari zaidi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Donge jema lina utando mwembamba wa majani juu, kisha mchanga mtupu uliopenywa na mizizi myeupe mirefu. Ukilifinya hupukutika vidoleni na halina harufu. Donge baya, nami nimeliona sana katika ukanda huu wetu wa joto, lina tabaka la vikonyo vilivyokufa lenye unene wa vidole viwili chini ya majani. Ukilibana maji hutiririka hadi kwenye kiwiko, na chini yake kuna mstari mweusi unaonuka kama yai viza, alama ya udongo usiopata hewa. Grini ya namna hiyo haitakuwa ngumu hata jua liwake mwezi mzima. Dawa yake ni kutoboa, kunyunyiza mchanga, kupunguza mbolea na maji, tena kwa miaka, si kwa wiki za mwisho kabla wageni hawajafika.

Hapo ndipo tofauti yetu na Uskoti inapoanza. Nyasi zao za feskyu zina majani membamba, hukua polepole kwa sababu ya baridi na huacha taka kidogo. Zikipandwa Malindi hazitamaliza msimu mmoja. Sisi tuna ukoka, ambao kwao ni Afrika na ambao Wamarekani wameukuza katika aina nyingi wakauita bermuda, na tuna paspalamu, inayostahimili maji ya chumvi. Msione kwamba nyasi hizi ni za daraja la pili. Uwanja wa Ocean Course wa kisiwa cha Kiawah, South Carolina, una paspalamu, na ndio ulioandaa PGA Championship mwaka 2012 na tena mwaka 2021, Phil Mickelson aliposhinda akiwa na umri wa miaka 50. Grini za Pinehurst Nambari 2 ziligeuzwa kuwa za bermuda baada ya mwaka 2014, na Open ya Marekani ikarudi pale 2024. Shida ya nyasi hizi kwetu ni kwamba hazilali. Kwa joto la pwani hukua mwaka mzima na kulijenga lile tabaka la vikonyo haraka kuliko linavyoweza kuondolewa na watu wachache wenye mashine mbovu. Uwanja wa pwani yetu unaotaka ugumu wa mashindano makubwa unahitaji kazi nyingi zaidi kuliko ule wa Uskoti, na wenye fedha mara nyingi hukadiria kinyume.

Ukishapata ugumu, huja suala la kasi ya grini, na hapa ndipo wakubwa wenyewe huteleza. Kasi hupimwa kwa stimpmita, kipande cha alumini chenye mfereji na kingo ndogo karibu na ncha moja. Mpimaji huuweka mpira kwenye kingo, huinua ncha hiyo taratibu mpaka mpira ujiachie wenyewe, kisha hupima futi ulizobiringika. Hurudia kwa mipira kadhaa, halafu hupima tena kutoka upande wa pili ili mteremko usimdanganye. Kifaa hiki kilibuniwa na Edward Stimpson baada ya Open ya Marekani ya mwaka 1935 iliyochezwa Oakmont, ambako grini zilimshangaza kwa kasi. Watazamaji hupenda namba kubwa. Mtaalamu huuliza swali jingine: kwa kasi hiyo, kila grini ina sehemu ngapi zilizo tambarare kiasi cha kuweka shimo? Mashindano ni ya siku 4, na kila siku shimo huhamishwa, hivyo grini inahitaji angalau sehemu nne za haki, zisizozidi mteremko wa asilimia 2 au 3, na ziwe mbalimbali ili kila siku iulize swali lake. Grini za zamani zenye miteremko mikali zilijengwa wakati nyasi zilikatwa ndefu. Ukizinyoa kwa viwango vya leo, mpira hausimami. Mwaka 2004, kwenye Open ya Marekani kule Shinnecock Hills, grini ya shimo la 7 (shimo hapa ni sehemu nzima ya kuchezea, toka pa kuanzia hadi kwenye bendera) ilikauka hivi kwamba siku ya mwisho ilibidi imwagiwe maji kati ya kundi na kundi, jambo ambalo kwa mashindano ya hadhi ile ni aibu. Goosen ndiye aliyeshinda siku ile, na ushindi wake haukupungua thamani, lakini uwanja haukupaswa kufikishwa hapo.

Upepo huongeza tatizo hilo. Mwaka 2015 Open ilikuwa St Andrews, na Jumamosi mchezo ulisimamishwa kwa zaidi ya saa 10 kwa sababu mipira iliyokwisha kutulia kwenye grini ilianza kusogea yenyewe kwa nguvu za upepo; mashindano yakamalizika Jumatatu. Ndiyo sababu grini za Open huachwa na kasi ndogo kuliko zile za Marekani. Sasa wewe, Mwalimu, unaujua kusi wa Juni hadi Agosti, unavyoinamisha mivinje na kuzuia mashua zisitoke. Mbunifu atakayejenga karibu na bahari pale kwenu atalazimika kuamua tangu siku ya kwanza kwamba grini zake zitakuwa za kasi ya wastani, na azijenge zikiwa na mawimbi ya kutosha ili zisichoshe kwa kasi hiyo. Akijenga grini za picha, nyororo na za kasi, kusi utamfungia uwanja.

Tena upepo wetu una tabia ambayo wa Uskoti hauna. Kule hubadilika kwa siku, pengine mara mbili kwa siku, na shimo lililokuwa rahisi Alhamisi huwa gumu Ijumaa. Kwetu kaskazi huvuma kwa miezi upande mmoja na kusi kwa miezi upande mwingine. Uwanja uliopangwa kwenda moja kwa moja kando ya bahari na kurudi, kama St Andrews ulivyo kwa sehemu kubwa, ungempa mchezaji mashimo tisa ya kupigana na upepo na tisa ya kusukumwa nao, siku zote nne, bila mabadiliko. Mpangilio unaotufaa ni kama wa Muirfield, uwanja mwingine wa Uskoti, ambako mashimo tisa ya kwanza huzunguka nje upande mmoja na tisa ya mwisho huzunguka ndani kwa mwelekeo wa kinyume, hivyo upepo ule ule humjia mchezaji kutoka pembe tofauti karibu kila shimo. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa mbunifu ulio mkubwa kuliko huo kwa pwani ya Kenya, na ni uamuzi usioongeza gharama hata shilingi.

Mpangilio wa Muirfield una faida ya pili, nayo inahusu mwanga, jambo ambalo sijasikia likitajwa katika ubishi wa aina hii. Open huwa na wachezaji 156, watatu watatu, na wote huanzia shimo la kwanza. Hayo ni makundi 52 yanayofuatana kwa dakika kama 11. La kwanza hutoka saa 12:35 asubuhi na la mwisho baada ya saa 10 jioni, na bado lina saa tano za kucheza. Uskoti mwezi wa Julai ina mwanga wa saa 17, kwa hiyo humaliza. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima. Hapo ni lazima makundi yaanzie mashimo mawili kwa pamoja, la 1 na la 10, na hilo haliwezekani kwa raha ila shimo la 10 liwe karibu na jengo la klabu. Hata kwa njia hiyo wachezaji 156 wangeenea kwa shida: kundi la mwisho lingeondoka yapata saa 7:45 mchana na kumaliza jua likizama, bila nafasi ya kuchelewa hata kidogo, na mvua ya nusu saa ingevuruga ratiba ya siku mbili. Mwandaaji mwenye busara angepunguza idadi iwe kama 120. Giza si jambo la kudharauliwa. Mwaka 2003 mashindano ya timu ya Presidents Cup yalichezwa Fancourt, Afrika Kusini. Woods na Els walibaki peke yao wakitafuta mshindi, jua likatua, na kombe likagawanywa sare.

Mpaka hapa nimezungumzia ardhi iliyo ndani ya uwanja. Viwanja vinavyoshinda mtihani huo ni vingi kuliko mnavyofikiri. Vinavyoanguka, huanguka zaidi kwa sababu ya ardhi iliyo nje.

Open ya kwanza ilichezwa Prestwick, Uskoti, mwaka 1860, na wachezaji wanane tu, na Prestwick uliendelea kuyaandaa kwa zamu hadi 1925. Mwaka huo Macdonald Smith aliingia raundi ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju 5. Watu walifurika uwanjani bila kizuizi, wakamzonga, wakajaa mbele yake mpaka akawa anasubiri wapishe ndipo apige. Alimaliza raundi kwa mikwaju 82 na kombe likaenda kwa Jim Barnes. Mashimo ya Prestwick hayakuwa na kosa lolote, ila haukuwa na mahali pa kuwaweka watu. Open haikurudi pale tena.

Hesabu za leo ni kubwa zaidi. St Andrews mwaka 2022 ulipokea watazamaji 290,000 kwa wiki moja. Royal Portrush wa Ireland ya Kaskazini, ambao ulikuwa haujaandaa Open tangu 1951, ulipotaka kurudi ulikubali kutoa mashimo yake mawili ya mwisho, la 17 na la 18, ili ardhi yake iwe mji wa mahema, na ukajenga mengine mawili kwenye ardhi ya uwanja wake wa pili. Mwaka 2019 ulipokea watu 237,750. Fikiria hilo, Mwalimu: klabu ilivunja mashimo yake kwa ajili ya hema na vyoo. Mbali na watazamaji kuna uwanja wa mazoezi, maegesho, eneo la magari ya televisheni lenye umeme wake, kituo cha matibabu, vitanda vya maelfu ya wafanyakazi na njia za kumtoa majeruhi bila kukatiza mchezo. Merion wenyewe, pamoja na ubora wake wote, ulibanwa hivi kwamba tiketi zilipunguzwa na baadhi ya mahema ya wageni yakawekwa kwenye nyua za majirani. Turnberry, ambao kwa macho yangu ni miongoni mwa viwanja vizuri kuliko vyote vya Uskoti, haujaandaa Open tangu 2009, na waandaaji wamekuwa wakitaja barabara, reli na malazi. Kiawah nao una paspalamu bora, ila kufika kisiwani ni kwa barabara nyembamba, na foleni za mwaka 2012 zililalamikiwa sana.

Kuna pia kipimo cha klabu yenyewe, nitakipitia upesi. Wanachama wa Muirfield walipopiga kura mwaka 2016 na kushindwa kufikia idadi ya kuwakubali wanawake, waliondolewa papo hapo katika orodha ya Open; walipopiga tena 2017 na kukubali, walirudishwa. Uwanja ulikuwa ule ule, nyasi zile zile.

Sasa tuje Malindi. Kwa umbo la ardhi, upande wako una haki ya kujivunia. Vilima vya mchanga vya kaskazini mwa Sabaki vina miinuko ya asili ambayo wabunifu kwingine hulipia matingatinga yaitengeneze, na mchanga hupitisha maji. Ni mchanga ulioletwa na mto kutoka bara, wa kahawia na wenye kumetameta, tofauti na ule mweupe wa matumbawe wa Watamu, ambao una chokaa nyingi na huifanya nyasi kuwa ya manjano kwa kukosa madini ya chuma. Lakini ni mchanga unaohama. Uskoti vilima vilishikwa na nyasi karne nyingi kabla gofu haijazaliwa, na hata huko kuta za mabunka hujengwa kwa matabaka ya nyasi ili upepo usiyamwage. Kuushika mchanga wa Mambrui kungetaka miaka ya kupanda kabla shimo la kwanza halijachorwa, na mdomo wa Sabaki ni makao ya ndege wanaohamia kutoka mbali, jambo litakaloibua maswali ambayo mwekezaji hataweza kuyakwepa.

Lililo zito zaidi ni maji. Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa hutegemea mitambo ya Baricho kwenye mto huo huo, na visima vya ufuoni huingiwa na chumvi vikivutwa sana. Mji ambao mabomba yake hukauka hauwezi kuuona uwanja wa kijani ukinyweshwa maji matamu kila usiku bila kuuliza. Njia iliyo wazi ni paspalamu na maji ya chumvi kidogo au maji taka yaliyosafishwa. Nayo huongeza gharama, kwa sababu chumvi hujikusanya udongoni na lazima isukumwe chini kwa maji mengi mara kwa mara. Barabara mnaijua nyinyi kuliko mimi: ni ile ile moja kutoka Mombasa, inayopita juu ya madaraja ya Mtwapa na Kilifi, na ajali ndogo huifunga.

Shemeji yako wa Lamu, umpe salamu zangu, lakini Shela isiguswe hata kwa mzaha. Vilima vile ndivyo vinavyopokea mvua na kuhifadhi maji matamu ambayo mji wa Lamu huyanywa. Kuvipanda nyasi na kuvimwagia mbolea ni kuchezea kisima cha mji. Nitaacha kabisa suala la kuwavusha watazamaji 30,000 kwa siku kutoka Mokowe kwa mashua na kuwafikisha uwanjani kwa punda, ingawa nakiri kwamba ningelipia tiketi kuliona.

Kwa hiyo baraza likitaka uamuzi wangu: Mambrui ina umbo, haina maji wala njia, na Shela haipaswi kuingizwa katika shauri hili. Kinachowezekana kwa ukanda wetu ni cha aina ya Vipingo, uwanja uliojengwa kwenye mwinuko mbali kidogo na ufuo, wenye nafasi ya kuegesha na kupanua, uliothibitisha kwamba wachezaji wa kulipwa wa kimataifa wanaweza kuhudumiwa katika kaunti hii. Mwekezaji yeyote akija kwenu na michoro ya uwanja wa mashimo 18, mwombeni kwanza karatasi za maji, kisha ramani ya ekari atakazoziacha wazi nje ya mashimo, kisha mwelekeo wa kila shimo dhidi ya kusi na kaskazi. Picha za jengo la klabu azilete mwisho. Na ikitokea mashindano ya kulipwa yanachezwa tena Vipingo, msiwakimbilie wachezaji wenye majina. Simameni nyuma ya grini moja kuanzia saa 5 asubuhi, upepo unapoanza kukaza, mtazame kila mpira unaanguka wapi na unatulia wapi. Ikiwa umbali huo ni hatua mbili kwa kila mchezaji, siku nzima, ardhi ni laini. Ikiwa unabadilika kwa kadiri mpira ulivyopigwa, mtakuwa mmeiona ile ardhi ngumu niliyoieleza juu ya Hoylake.